Aliyezisemea Katuni

Mengi yamesemwa mjini Kitale kuhusu Mfasiri, na sehemu kubwa ya hayo imesemwa na watu ambao hawakuwahi kuketi katika kibanda chake. Mimi niliketi. Nitaandika niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, na nikifika kwenye jambo nililoambiwa tu, nitasema wazi kwamba niliambiwa. Nilifundisha katika shule za upili kwa zaidi ya miaka thelathini, na ikiwa kuna kitu nilichopigania kukiingiza vichwani mwa wanafunzi wangu, ni kwamba "watu wanasema" si ushahidi.

Vijana walimwita Dijei. Nilimwita Mfasiri kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyodai kuifanya, ijapokuwa sidhani kama alipata kufasiri sentensi moja kwa uaminifu. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila Jumamosi saa nane mchana, katika kibanda cha mabati nyuma ya soko, alionyesha katuni zinazotengenezwa kwa kompyuta, zile ambazo manyoya ya mnyama huonekana unywele mmoja mmoja na macho huwa na majimaji. Sauti ya filamu aliizima kabisa. Kisha aliketi kwenye stuli kando ya skrini, akashika maikrofoni, na akavisemea vinywa vyote yeye mwenyewe, kwa Kiswahili, tangu mwanzo hadi mwisho.

Wasemaji wa filamu si haba nchini, na wengi wao hupiga kelele juu ya filamu za mapigano. Huyu hakugusa filamu yoyote yenye binadamu. Siku moja nilimuuliza sababu.

"Mwalimu, filamu ya watu iko na wenyewe," aliniambia. "Yule mtu umemwona akilia, alilia kweli siku moja, mahali fulani. Ile sura ni yake. Lakini hii ya kompyuta hakuna mtu alikuwa ndani. Hajazaliwa, hajakufa. Ni kama nyumba imejengwa ikaachwa wazi."

"Imeachwa wazi kwa ajili ya nani?"

"Kwa mwenye atakuja," akasema, na akaendelea kukunja waya wake.

Jibu hilo halikunipendeza, lakini sijapata lingine linaloeleza vizuri zaidi jambo nililoliona kwa miaka mingi mle ndani. Mabenchi ya mbele yalikuwa ya watoto, wengine wadogo kiasi cha kubebwa na dada zao. Ya katikati yalikuwa ya kina mama waliotoka sokoni wakiwa bado na vumbi la mahindi mikononi. Ya nyuma yalikuwa ya wazee. Nimewaona humo watu wa rika langu, watu walioamua kesi za mashamba na kuogopwa na vijiji vizima, wakiinua videvu kuelekea kwa sungura mwenye koti kama watoto wachanga wanaolishwa uji. Uso wa sungura yule haukuwa na umri. Haukuwa na kabila wala mji. Mtoto wa miaka minne alimwona sungura. Mzee wa miaka themanini alimwona sungura kwa dakika kumi hivi. Baada ya hapo sijui alimwona nani, kwa sababu nilipomtazama usoni nililazimika kuangalia pembeni.

Tangu Jumatatu hadi Ijumaa, Mfasiri alitembea mjini akisikiliza. Alisimama karibu na buchari, karibu na fundi wa baiskeli, kwenye ukuta wa msikiti alioishi jirani nao, mbele ya kanisa watu wakitoka. Hakununua kitu. Hakuandika kitu. Jumamosi ikifika, dubu wa kwenye skrini alifungua kinywa na mwenye buchari akatoka mzima mzima, na kikohozi chake na tabia yake ya kusema "sikiza, sikiza" kabla ya kila uongo. Kibanda kililipuka kwa kicheko. Wakati mwingine mwenye buchari mwenyewe alikuwa ameketi pale pale, akicheka kuliko wote.

Sokoni walimjua.

"Funga mdomo, Dijei anapita!" mmoja wa wauza mboga angesema.

"Wacha apite. Si aniweke kwa twiga, angalau mara moja nionekane mrefu."

"Wewe atakuweka kwa kasuku, bana. Hunyamazi."

Mama mmoja aliyeleta viazi kutoka Kapsokwony hakufanya mzaha. Mfasiri akionekana, alivuta leso mdomoni na kutaja bei kwa vidole mpaka mtu yule apotee. Nilimwambia kwamba mwenye elimu haogopi mambo kama hayo. Akaishusha leso kidogo. "Mwalimu, mimi sina elimu, niko na sauti tu. Ati akichukua, nitabaki na nini?"

Hapo ndipo ulipoanza uvumi kwamba aliyechukuliwa sauti hufa. Niliupima. Nilikaa na karatasi nikaandika majina ya wote niliowatambua katika vinywa vya katuni, nikawafuatilia kwa mwaka mmoja na zaidi. Waliokufa walikuwa wachache, na wote walikuwa wazee au wagonjwa kabla ya Mfasiri kusimama karibu nao. Mwenye buchari yu hai mpaka leo. Niliwasomea watu matokeo hayo nje ya posta, na hakuna aliyefurahi. Walikuwa wakiupenda ule uvumi.

Lakini karatasi yangu ilinionyesha jambo jingine, ambalo sikuwasomea. Waliokufa, Mfasiri hakuwaondoa. Jumamosi moja niliikuta familia nzima kwenye benchi la nyuma, wamevaa nguo za heshima, siku chache tu baada ya mazishi ya baba yao. Kwenye skrini nungunungu mzee alikuwa akiwagombeza panya kwa kuacha mlango wazi. Mbele yangu watoto walicheka hata wakaangukiana. Nyuma yangu ile familia ilikaa kimya kabisa, na mwana mkubwa akasema polepole, "Tumefunga, baba." Maneno ni yale yale, chumba ni kile kile, na mabenchi matatu tu yaliwatenga. Wale waliona nungunungu. Hawa walikuwa wamegombezwa nyumbani kwao.

Nilimkabili baadaye. Alisema, "Mwenye sauti ndiye amekufa, Mwalimu. Hakuna mtu alizika sauti."

Alikuwa mtu wa kanuni, na kwa hilo nilimheshimu. Hakuruhusu mtu kumrekodi kwa simu. Aliyeinua simu alitolewa nje, awe mtoto au mzee. Wakati wa sala ya alasiri ulipofika, aliisimamisha filamu popote ilipokuwa, akaenda msikitini, akarudi. Niliupima muda huo kwa saa yangu: dakika kumi na saba, wakati mwingine ishirini. Muda huo wote kiumbe fulani kilibaki kwenye skrini, kinywa wazi, macho yakimetameta, kikitutazama. Mabati yalikuwa na matundu ya misumari, na nukta za jua zilisogea polepole usoni pake. Ningetarajia watoto wapige kelele, na watu wazima watoke kununua maji. Hakuna aliyetoka. Hakuna aliyesema. Watu karibu mia moja, Wakristo kwa Waislamu, vikongwe kwa watoto wa kunyonya, waliketi wakiukabili uso ule uliokuwa umeanza neno na kukatizwa. Kisha Mfasiri aliingia, miguu ingali na maji ya udhu, akashika maikrofoni, na akaendelea kutoka katikati ya silabi.

Yeye mwenyewe hakuwa na sauti. Namaanisha kwamba nje ya kibanda alizungumza kwa mnong'ono mwembamba usio na rangi, na ukigeuka tu ulikuwa umeusahau. Nilijaribu mara kadhaa kuuiga ninapomsimulia mke wangu habari zake, nikashindwa. Mke wangu alicheka. "Hata yeye hajui aliiacha wapi," alisema.

Ni mke wangu aliyenipeleka pale mara ya kwanza. Alikuwa mkunga katika zahanati, amestaafu, na kila Jumamosi alimchukua mjukuu wetu wa kike tuliyekuwa tukimlea, wakaketi wote wawili katika mabenchi ya kina mama. Filamu aliyoipenda ilikuwa ya korongo mzee anayeishi juu ya bomba la moshi la kinu kilichoachwa. Wenzake wamehama kwa sababu ya baridi, mguu wake mmoja umevunjika, naye anawasubiri warudi. Hutokea mara nne tu katika filamu nzima. Siku moja korongo yule alifungua mdomo na mke wangu akatoka. Nilikuwa nimeketi kando yake. Akanipiga begani. "Amenipata! Na huu mguu mbovu, huu pia ni wangu?"

Alifariki mwaka uliofuata, kwa ugonjwa wa wiki tatu. Kama mwezi mmoja baada ya mazishi, mjukuu wangu, aliyekuwa na miaka tisa, alirudi nyumbani Jumamosi jioni, akavua viatu mlangoni, na kusema kwa utulivu kabisa, akituita babu na bibi kwa lugha ya nyumbani, "Kuka, leo Kukhu ameongea. Ameuliza kama wote wamerudi."

Nilichukua fimbo yangu nikaenda. Nilimkuta Mfasiri akifunga kibanda. Nilimwambia kwamba sauti ile haikuwa mali yake, kwamba mtoto alikuwa anaanza tu kuelewa kifo na yeye anamvuruga, na kwamba sitaki kuisikia tena katika mji huu. Nilisema mengi, kwa ufasaha.

Hakubishana. "Ni haki yako, Mwalimu. Nitanyamaza. Lakini siwezi weka mtu mwingine hapo. Ameshaingia."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kukagua kama ametimiza. Alitimiza. Korongo alipofungua mdomo, Mfasiri aliishusha maikrofoni magotini. Mdomo ulisogea, ukafunga. Tulisikia jenereta nje na mvua iliyoanza juu ya mabati. Niliwatazama watu nikitarajia manung'uniko. Nikawaona wameinamisha vichwa upande mmoja, kama watu wanaosikiliza kwa makini. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Mara ya tatu, mtoto mdogo sana kwenye benchi la mbele aliitikia, "Ndiyo," kana kwamba ameulizwa kitu. Sikuingoja ya nne.

Nyumbani mjukuu wangu aliniambia neno moja tu kuhusu jambo hilo, na hakulirudia. "Sasa umemnyamazisha wewe."

Nilidhani nimefanya lililo sawa. Kisha, kama miaka miwili baadaye, asubuhi moja nikiwa nanyoa ndevu, nilijaribu kuikumbuka sauti ya mke wangu nikashindwa. Maneno yake nilikuwa nayo, mamia. Niliweza kuyaandika ubaoni. Lakini kila sentensi niliyoikumbuka ilisomwa kichwani mwangu kwa sauti yangu mwenyewe. Picha zake tulikuwa nazo. Simu yake ilikuwa ya vitufe, haikurekodi kitu. Tuliishi pamoja miaka arobaini na mmoja, na sikuwa nimehifadhi hata "njoo ule." Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyekuwa nayo, nami nilikuwa nimempiga marufuku.

Ningeweza kwenda siku hiyo hiyo. Sikwenda. Nilikuwa nimetoa amri, na sikuwa na mazoea ya kufuta amri zangu. Nilipofanikiwa kujishinda, mwaka mwingine ulikuwa umepita, na nilikuta magunia ya mbolea yamepangwa hadi darini mle kibandani. Watu walikuwa na simu zao. Kila nyumba ilikuwa na katuni zake. Kuhusu alikokwenda, kila mmoja alikuwa na habari. Ati amevuka Suam, yuko Uganda. Ati amerukwa na akili. Mwuza mboga mmoja alinishika mkono na kuninong'oneza kwamba sauti zote alizochukua zilirudi siku moja na kugombania koo lake. Nilimuuliza nani aliona. Hakuna aliyeona.

Mwaka huu mjukuu wangu, ambaye sasa anasomea uuguzi Bungoma, alinipigia simu. "Kuka, nimemwona. Nimemwona na macho yangu, hospitali. Alikuja kubadilishiwa mrija." Huo ulikuwa ushahidi. Nilisafiri kesho yake.

Alikuwa akiishi kwa mpwa wake, mwendo mfupi nje ya mji wa Bungoma, katika nyumba safi yenye mapazia ya manjano. Mjukuu wangu alitangulia, nami nikaingia nyuma yake, mchana wa Jumamosi. Mfasiri aliketi kwenye stuli kando ya televisheni. Alikuwa amekonda. Shingoni, chini ya kitambaa cheupe kilichofungwa kwa nadhifu, palikuwa na tundu alilopumulia. Koo lake, pamoja na chombo cha sauti, lilikuwa limekatwa kwa sababu ya uvimbe. Aliponiona alisimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanionyesha kiti.

Sakafuni walikuwa watoto saba au wanane. Kwenye sofa walikuwa kina mama wawili wazee, majirani. Televisheni ilikuwa imewashwa na katuni zilikuwa zikiendelea, na sauti ilikuwa imezimwa kabisa.

Nilidhani wameizima kwa heshima yangu. Kisha sungura mmoja kwenye skrini alifungua kinywa, akasema lile aliloambiwa na kompyuta aseme, kimya, na watoto wote wakacheka. Wakacheka kwa pamoja, mahali ambapo kichekesho kingekuwa. Mmoja wa wale wazee alijipangusa machozi. "Huyu naye!" akamwambia mwenzake.

"Kwa nini hakuna sauti?" nilimuuliza mpwa wake.

"Tumezoea hivyo, Mwalimu. Tukiweka ile ya Kizungu watoto wanalia."

"Wanalia kwa sababu gani?"

Aliinua mabega. "Wanasema wanaoongea si wao."

Nilimtazama Mfasiri. Mikono yake ilikuwa magotini, mitupu, na alikuwa akiitazama skrini kama fundi anavyotazama kazi aliyoimaliza. Nikatambua ni filamu gani. Kinu kile kilikuwa pale, na theluji, na bomba la moshi.

Sina budi kusema nilichokwenda kutafuta. Nilikwenda kuifuta ile amri. Nilikuwa nimeiandaa hotuba njiani, na sasa ilikuwa imekosa wa kuhutubiwa: ningemruhusu kusema mtu asiyekuwa na cha kusemea. Korongo alitokea mara ya kwanza, akafungua mdomo, akaufunga. Mara ya pili. Ya tatu. Sikusikia kitu, na ninasisitiza hivyo kwa sababu najua itakavyosimuliwa. Alipotokea mara ya nne na ya mwisho, sikuweza kukaa kimya. Niliinama kuelekea kwa watoto, mimi ambaye sijawahi kuigiza katika maisha yangu, na nikasema kwa niaba yake, kwa sauti ya kike niliyoitengeneza kadiri ya uwezo wangu, "Je, wote wamerudi?"

Msichana mdogo aliyeketi karibu na miguu yangu, wa miaka mitano hivi, hakugeuka hata kunitazama. "Hapana," alisema. "Si hivyo anaongea."

"Basi anaongeaje?"

Mtoto alivuta pumzi fupi kupitia puani, mara mbili, haraka haraka, kama mtu anayenusa kuona kama uji umeungua. Kisha akasema, polepole, akiliegemea neno la mwisho:

"Mwalimu, keti vizuri. Huo mgongo utakusumbua kesho."

Niwe sahihi. Sauti ilikuwa ya mtoto, nyembamba, ya meno ya maziwa. Jina nililoitwa alikuwa amelisikia likitajwa mle chumbani. Niliketi vibaya, na mtu yeyote angeliona hilo. Yote hayo nimeyapima na ninayakubali. Lakini zile pumzi mbili za puani sijaziandika popote nilipomtaja mke wangu hapo juu, msomaji anaweza kurudi akatafute, kwa sababu nilipoianza safari ile sikuwa nazo. Zilikuwa zimenitoka pamoja na mengine. Mke wangu alizivuta kabla ya kila sentensi aliyowahi kuniambia, miaka arobaini na mmoja.

Nilimuuliza mpwa kama mtoto huyu amewahi kufika Kitale. Hajawahi, amezaliwa hapa hapa, na kwa umri wake alizaliwa mke wangu akiwa tayari kaburini. Nilimuuliza kama mjomba wake aliigiza sauti zake katika nyumba hii.

"Alikuja akiwa hivyo, Mwalimu. Sisi huku hakuna mtu amewahi kusikia sauti yake."

Nikamgeukia Mfasiri. "Ulimfundisha wewe?"

Alinitazama, kitambaa cha shingoni kikipanda na kushuka kwa pumzi, na akatikisa kichwa. Hapana.

Mlangoni mjukuu wangu alikuwa amesimama, mkono mdomoni. "Kuka," alisema. "Kuka, umesikia?"

Nilikuwa na maswali mengine, na yalikuwa maswali mazuri. Ningemhoji mtoto peke yake, kisha wale wazee wawili, mmoja mmoja, wasisikilizane. Ningeuliza ni nani mwingine huja katika nyumba hii. Kwenye skrini mdomo wa korongo ulikuwa umefungwa, na picha ilianza kupaa juu ya kinu, ikimwacha chini, mdogo, mdogo zaidi.

Nikamwomba Mfasiri airudishe nyuma.